Shajara ya mradi: watu sita kwenda London

11 Machi 2025

Naanza kuandika hii juu najijua, nisipoandika nitasahau nani nilimwambia nini. Leo mzee katuita mkutano wa dakika kumi, akasema ofisi ya London inataka watu sita kutoka hapa Nairobi na wawe wamekaa kwenye viti vyao kufikia tarehe mosi Septemba, alafu akanigeukia, "hayo ya viza utashika wewe." Mimi ni mtu wa mambo ya wafanyakazi, kazi yangu ni mikataba na likizo na kesi za nani kamaliza maziwa ya chai, safari ya nje niliyowahi kushughulikia ni ya mzee kwenda Kigali na huko Mkenya haulizwi hata viza. Funga nayo imekolea, kichwa kiko nusu. Sawa.

Majina siandiki, watakuwa namba. Namba Moja yule wa seva, bachela, hana mambo mengi. Namba Mbili ana mke ila cheti cha ndoa hana. Namba Tatu anaongoza programu za simu. Namba Nne ni mama wa watoto wawili, analea peke yake. Namba Tano kijana wa data. Namba Sita mhandisi wetu mkubwa, mpwani mwenzangu wa Likoni, kila siku tunagombana juu ya mechi.

14 Machi

Simu na wakili aliyeko London, saa nzima. Nilichoshika ni hiki. Njia yetu inaitwa Global Business Mobility, upande wa Senior or Specialist Worker, ni ya kampuni inayohamisha watu wake yenyewe kutoka nchi nyingine. Kiingereza hawakupimi. Lakini mtu lazima awe amefanya kazi kwa kampuni nje ya Uingereza miezi 12, awe kwenye cheo kinachokubalika, na mshahara usipungue pauni 48,500 kwa mwaka au kiwango cha kazi yenyewe, kile kilicho juu ndo kinachukuliwa. Kwa mshahara wa kawaida unakaa miaka 5 ndani ya kila miaka 6, basi. Na miaka hiyo haihesabiwi kwenye ukaazi wa kudumu. Hapo nikamwambia arudie, akarudia.

Kabla ya yote hayo, ofisi ya London yenyewe iwe na leseni ya kudhamini wafanyakazi, na sisi hatuna. Yaani mzee anahesabu tiketi na leseni hatujaiomba.

20 Machi

Nimetengeneza jedwali la gharama nikapeleka kwa mama wa fedha. Kosa langu nimepeleka kabla ya kusoma habari, kumbe jana yake wametangaza ada zinapanda 9 Aprili. Cheti cha udhamini, ambacho cheti ni jina tu maana ni namba kwenye mfumo wao, kinatoka pauni 239 kwenda 525. Nimerudi na jedwali la pili, amenitazama juu ya miwani.

Namba Moja kwa miaka 3, hesabu mpya: viza 769, ada ya afya 1,035 kwa mwaka yaani 3,105, cheti 525, na tozo ya ujuzi ambayo kwa kampuni ndogo ni 364 kwa mwaka, jumla 1,092. Kila kitu 5,491. Huyo hana mke wala paka.

Namba Nne na wanawe wawili: viza tatu 2,307, afya yake 3,105 na ya kila mtoto 2,328, cheti 525, tozo 1,092. Pauni 11,685. Kwa shilingi zetu ni karibu milioni mbili, na hajapanda ndege, hajalala popote. Mama wa fedha akauliza kama hiyo tozo ya ujuzi hatuwezi kuikata polepole kwenye mshahara wa mtu. Nikamwambia hapana mama, sheria inakataza, ni ya mwajiri. Akaandika kitu kwenye daftari lake, sijui nini, alibonyeza kalamu kweli.

7 Aprili

Ombi la leseni limeingia leo, siku mbili kabla ya ada kupanda. Tumelipa 536 badala ya 574. Tumeokoa pauni 38 na mama wa fedha amefurahi kama tumemletea ngamia.

Sasa ukishabonyeza kutuma una siku 5 za kazi kupeleka nyaraka za kuthibitisha kampuni ni ya kweli na kwamba hii ya Nairobi na ile ya London ni mama na mtoto. Hapa ndo CR12 imetuokoa, ile karatasi ya eCitizen inayoonyesha wakurugenzi na wenye hisa. Yetu ilikuwa bado na mkurugenzi aliyeondoka mwaka juzi. Nimekaa na katibu wa kampuni mpaka saa tatu usiku tunasafisha.

12 Mei

Serikali ya Uingereza imetoa waraka wa kukaza uhamiaji. Mchana watu hawakufanya kazi, kila mtu yuko kwenye simu, grupu la WhatsApp la wanaosafiri (lipo, mimi nililianzisha, najuta) limejaa sauti za dakika nne nne. Mmoja kasikia viza zimefungwa. Mwingine kasikia ukaazi ni miaka 10 sasa. Nimeandika kwa herufi kubwa kwamba waraka si sheria, ni mpango, kila badiliko litakuja na tarehe yake, na habari ya ukaazi haituhusu juu njia yetu haifiki huko hata wakiongeza wakipunguza.

Dakika tano baadaye Namba Tatu akanipigia, si kwenye grupu, pembeni. "Dada, hebu niambie vizuri. Nikikaa kule miaka mitano nikarudi, narudi nikiwa nani?" Nilimwambia wakati wa machi. Nilimwambia! Lakini kuambiwa na kusikia ni vitu viwili.

19 Mei

Namba Tatu amejitoa. Aliuliza kwanza kama kampuni inaweza kumpeleka kwa Skilled Worker, ile viza nyingine ya kazi, hiyo miaka yake inahesabika kwenye ukaazi. Tukaiangalia na wakili. Kwa waandika programu kima cha njia ile si ile 38,700 watu wanaiona kwenye mitandao, ni kiwango cha kazi yenyewe, pauni 49,400, alafu Kiingereza kinatakiwa kithibitishwe, na Kenya haimo kwenye orodha yao ya nchi za Kiingereza kwa hivyo digrii yake ya hapa ingepelekwa Ecctis, wale wanaopima vyeti vya nje kule Uingereza, iandikiwe barua kwamba ilifundishwa kwa Kiingereza. Mtu amechapwa viboko shule ya msingi kwa kuongea lugha ya mama. Mzee akasema hawezi kuwa na watu wa mishahara miwili kwenye meza moja. Namba Tatu akasema basi, mwanawe anaingia darasa la kwanza hapa, hataki kumng'oa kwa safari ya kurudi. Nafikiri kaamua vizuri ingawa jedwali langu limebaki na shimo.

26 Mei

Namba Mbili na suala la ndoa. Wameishi pamoja miaka sita, mahari ilitolewa, mbuzi wakaliwa, picha zipo, karatasi hakuna. Wakili anasema si lazima cheti, mtu anaweza kuomba kama mwenza wa miaka 2 au zaidi ila alete ushahidi, mkataba wa nyumba, bili, barua zenye majina ya wote. Tatizo nyumba ni ya jina la mke, stima jina la landlodi, na bili ya intaneti iko kwa jina la mpangaji aliyehama. Mke ndo aliyekata shauri, "twende kwa Msajili tuandikishe tumalize." Leo wamepeleka notisi Sheria House, ni siku 21 kabla ya kufungishwa.

3 Juni

LESENI IMETOKA. Daraja A. Mzee kanunua keki.

16 Juni

Vipimo vya kifua kikuu vimeanza, mtu wa Kenya anayekwenda zaidi ya miezi 6 lazima awe na cheti, na hapa Nairobi unapimwa IOM, shirika la kimataifa la uhamiaji. Namba Moja na Namba Mbili na mkewe mtarajiwa wametoka na vyeti vyao kama watu waliotoka kukata nywele. Cheti kinatumika miezi 6.

Namba Sita hakutoka. Nilikuwa nje kwenye gari, akaja akaingia akafunga mlango polepole. Kuna kivuli kwenye eksirei. Wanataka makohozi, asubuhi tatu mfululizo, kesho, keshokutwa na mtondo, alafu yanaoteshwa kwenye maabara na majibu yanaweza kuchukua mpaka wiki 8. Nikahesabu kwenye vidole mpaka Agosti. Yeye hakuwa anahesabu wiki. Alisema, "usimwambie mtu ofisini, na Likoni wasijue kabisa, mamangu ataanza kunitengea kikombe."

Sijamwambia mtu. Kwenye jedwali nimeandika "nyaraka zinasubiriwa". Alikumbuka baadaye kwamba alipata nimonia kali akiwa kidato cha pili, alilazwa mwezi mzima. Nimemwambia awaeleze.

20 Juni

Harusi ya Namba Mbili, Sheria House, dakika kumi na tano ukijumlisha sahihi. Bibi harusi alivaa suti ya kijani. Mimi nilikuwa shahidi wa pili na pia, samahani, nilikuwa na simu ya kuskani cheti hapohapo kwenye ngazi. Wakacheka ila waliniachia. Jina la mke lina herufi moja tofauti na paspoti, H imeruka. Nimewarudisha ndani kabla wino haujakauka, imesahihishwa na muhuri mwingine.

2 Julai

Jana wametoa mabadiliko rasmi ya sheria, yanaanza 22 Julai. Kima cha njia yetu kinatoka 48,500 kwenda 52,500. Mishahara yetu tuliyopanga ni 49,500 kwa kila mtu.

Vyeti vya udhamini vitakavyotolewa kabla ya 22 vitapimwa kwa sheria za zamani, ndivyo wakili alivyosema. Leseni tunayo toka mwanzo wa mwezi uliopita, vyeti tungekuwa tushatoa, lakini tulikuwa tunajivuta, barua za mishahara ziko kwa mama wa fedha zinasubiri sahihi tatu. Nimeingia kwake bila kubisha hodi. Nikamwambia mama, kila barua isiyosainiwa kufikia tarehe 15 itatugharimu pauni 3,000 kwa mwaka kwa mtu, mara miaka 3. Alizisaini nikiwa nimesimama. Mwezi mzima nilikuwa namwandikia barua pepe zenye "tafadhali" na "kwa heshima", kumbe ilitakiwa hesabu ya mstari mmoja.

Anayebaki nje ni Namba Tano. Nilijua ana zaidi ya mwaka na sisi, yuko hapa toka Februari 2024. Leo napanga slipu zake za mshahara naona za kwanza hazipo. Alianza kama mshauri, analeta ankara, anakatwa asilimia 5 ya kodi ya zuio kama fundi yeyote, akaajiriwa rasmi 4 Novemba 2024. Wakili anasema tusibahatishe, ile ya ankara tusiihesabu. Miezi 12 yake inatimia 4 Novemba mwaka huu. Na cheti kikishatolewa kinatumika ndani ya miezi 3 tu, kwa hivyo hata tukimtolea Julai kitakufa Oktoba mikononi. Atakwenda kwa kima kipya.

Nilimwambia mwenyewe, sio kwa simu. Akasema, "sawa dada," alafu akarudi mezani akavaa hedifoni. Ningependa angekasirika.

7 Julai

Saba Saba, siku ya maandamano. Namba Nne na watoto walikuwa na miadi ya kipimo saa nne asubuhi. Saa kumi na mbili amenipigia, polisi wamefunga barabara za kuingia mjini, matatu hakuna, watoto wamevaa na wamekunywa uji na wamekaa kwenye kochi na viatu. Nikamwambia vua viatu. Tumeomba siku nyingine, 10 Julai.

10 Julai

Wamepimwa. Wadogo, chini ya miaka 11, kwa kawaida hawapigwi eksirei, daktari anawauliza maswali na kuwaangalia. Yule wa miaka 6 alijiandaa toka Jumatatu kupigwa "picha ya mifupa" na amelia kwa kunyimwa.

17 Julai

Vyeti vinne vya udhamini vimetoka, Moja, Mbili, Nne, Sita. Siku tano kabla ya mlango kufungwa. Mwenzetu wa London ndo mwenye ufunguo wa ule mfumo, alikuwa anajaza mimi nikiwa kwenye simu namsomea kama imla.

Saa moja baadaye nikaona PDF ya Namba Nne. Kuna sehemu ya kuweka tiki kwamba mwajiri atabeba matunzo yake mwezi wa kwanza, ukiiweka mtu haulizwi pesa za benki. Haikuwekwa. Bila hiyo anatakiwa kuonyesha pauni 1,270 zake, 315 za mtoto wa kwanza na 200 za wa pili, zimelala benki siku 28 mfululizo bila kushuka hata siku moja. Mama wa watoto wawili, Nairobi, mwezi wa Julai. Nikampigia mwenzetu, akaanza kuomba msamaha, nikamwambia ndugu yangu omba msamaha baadaye, rudi kwenye mfumo. Bahati nzuri cheti hakifutwi kwa hilo, kuna kitu cha kuongeza maelezo ya mdhamini juu ya cheti kilichokwishatoka. Ameandika kwamba matunzo yanabebwa kwa yeye na wategemezi wake. Nimeomba anipigie picha ya skrini. Sasa kila cheti nasoma mimi kabla hajabonyeza.

24 Julai

Nimekaa na Namba Nne siku nzima na hii ndo siku ngumu ya mradi mpaka sasa.

Baba wa watoto yuko Doha, anafanya kazi, hana ubaya, anatuma hela Idi na wakati shule zikifungua kama anakumbuka. Tulidhani barua yake ya kuridhia inatosha. Wakili kasema haitoshi. Mtoto akienda na mzazi mmoja na mwingine yuko hai, mzazi anayekwenda anatakiwa aonyeshe kwamba malezi yako juu yake peke yake, kwamba yeye ndo anayeamua shule, hospitali, kila kitu, na imekuwa hivyo muda mrefu. Yaani athibitishe kwa karatasi kitu ambacho mtaa mzima unakijua.

Tukaanza. M-Pesa. Amelipa karo kwa paybill miaka minne, taarifa ikaja PDF yenye kufuli, ikafunguka, kurasa 214. Tumekaa na kalamu ya njano. Karo, karo, nguo za shule, karo, hospitali saa nane usiku ya mwaka 2022 (akanyamaza hapo, akasema "hiyo ilikuwa degedege"), karo. Katikati mboga, tokeni za stima, sadaka, saluni. Akasema, "dada, hawa watu watajua mpaka naosha nywele lini." Tukatoa kurasa 31 tu. Kadi za kliniki zote mbili ziko na sahihi yake kila mstari. Mwalimu mkuu kaandika barua kwamba kwenye mikutano ya wazazi amemuona yeye tu. Na baba, tukampigia kwa video, akasikiliza mpaka mwisho, akauliza, "kwa hiyo mnataka niandike kwamba sijawalea?" Hakuna aliyejibu haraka. Nikamwambia shemeji, andika kwamba maamuzi anafanya mama yao na wewe umekubali. Ameandika. Kaandika vizuri kuliko nilivyotarajia, na kaomba awe anawaona kwa simu Ijumaa.

25 Julai

Kulipa. Ada ya afya inalipwa kwa kadi mtandaoni kabla ombi halijaenda. Kadi ya kampuni imekataa mara tatu, benki ikapiga simu kuuliza kama tumeibiwa, nikasema ndio lakini kwa hiari. Hakucheka. Limiti imepandishwa saa kumi jioni.

28 Julai

Alama za vidole VFS, kituo kinachopokea maombi ya viza, Namba Moja na Namba Mbili na mkewe. Nyaraka tumepakia wenyewe kwenye mfumo juzi, usisubiri kuskaniwa pale kaunta. Namba Mbili alikwenda na cheti cha tabia njema cha polisi alichokitafuta kimya kimya kwa sababu shemeji yake alimwambia "bila hiyo hupewi". Kwa kazi yetu hakitakiwi, wanakitaka kwa walimu, wauguzi na kazi za namna hiyo. Atakiweka ukumbusho.

13 Agosti

Majibu ya Namba Sita. Hakuna kitu. Hakuna kilichoota, ni kovu la ile nimonia. Amenitumia picha ya cheti bila neno, alafu baada ya robo saa akatuma, "vikombe vyote ni vyangu." Kwa jedwali nimebadilisha rangi.

15 Agosti

Namba Moja kapata! Na palepale ikaanza kizaazaa. Paspoti imerudi tupu. Hakuna stika. Amefungua kurasa zote, akanipigia kwa sauti ya mtu aliyeibiwa, akaja ofisini tukazifungua tena wote wawili, ukurasa kwa ukurasa, mpaka ule wa mwisho.

Kumbe toka 15 Julai waombaji wakuu wa viza za kazi hawabandikiwi, viza iko kwenye akaunti ya mtandaoni. Wategemezi bado wanabandikiwa. Kwa hivyo kwa Namba Mbili mke ana stika nzuri yenye picha na mume, ambaye ndo mwenye kazi, ana paspoti nyeupe. Mkewe kafurahi sana. Mama wa Namba Moja kule Kitale hajakubali mpaka leo, anasema mwanawe kapewa viza ya maneno.

Tumefungua akaunti, tumeunganisha namba ya paspoti, tumehakikisha jina na tarehe ya kuzaliwa na tarehe ya mwisho. Nimewaandikia wote: ukibadilisha paspoti, ukabadilishe na kwenye akaunti, la sivyo uwanja wa ndege watakuona kama mtu asiye na viza.

30 Agosti

JKIA na Namba Moja, kwa kuwa wa kwanza nilitaka kuona. Msichana wa kaunta akapekua paspoti, "viza iko wapi kaka?" Namba Moja akasema ni ya kielektroniki. Akapekua tena. Akaita msimamizi. Foleni nyuma yetu ikaanza kupumua. Msimamizi akaandika kitu kwenye kompyuta, akasubiri, ikatoka kibali, akamwambia msichana, "wanakuja hivi siku hizi, usitafute karatasi." Dakika 25. Nimeongeza kwenye maelekezo: fika saa moja mapema, uwe na ile namba ya kuonyesha viza yako (share code) uliyoitoa kwenye akaunti na barua pepe ya kukubaliwa uwe umeichapa, si kwa sababu inatakiwa bali mkono unahitaji kitu cha kuonyesha.

9 Septemba

Namba Nne na watoto wamekubaliwa, wote watatu. Namba Sita naye leo hiihii. Wote wamechelewa ile tarehe mosi lakini mwenzetu wa London anaangalia saa, mtu asipoanza kazi ndani ya siku 28 inabidi waripoti kwenye mfumo na waeleze sababu. Tiketi nimekata za tarehe 17.

Mtoto wa miaka 6 anataka kujua kama huko kuna picha za mifupa.

14 Oktoba

Wanne wako kule. Malalamiko mpaka sasa: baridi, bei ya parachichi, na Namba Sita anasema ofisi nzima inakula mezani bila kukaribishana, mtu anafungua chakula chake pua kwa pua na wewe na hasemi hata karibu.

Nimerudi kwa Namba Tano. Mama wa fedha hakutaka 52,500 juu wale wanne wako 49,500 na watajua, wanajua kila kitu. Njia tuliyopata: posho ya uhakika inahesabiwa, na ya nyumba inaruhusiwa isizidi asilimia 30 ya jumla. Mshahara 37,000 na nyumba 15,500. Ya nyumba ikae chini ya 15,750 na iandikwe kwenye mkataba kama posho ya kila mwezi isiyo na masharti. Mimi sijaipenda sana. Kijana akipata nyumba ya bei nafuu atasema posho ipunguzwe aongezewe mshahara na sijui kama tutaweza kugusa. Nimemweleza hivyo kwa kinywa na kwa maandishi, akasaini.

Pia tozo ya ujuzi inapanda 16 Desemba, kwa kampuni ndogo 364 inakuwa 480. Safari hii mimi ndo nimemwambia mama wa fedha, kabla hajasikia popote. Barua imerudi imesainiwa siku hiyohiyo.

5 Novemba

Jana Namba Tano ametimiza miezi 12. Kaleta maandazi ofisini, hakusema kwa nini, walioelewa wameelewa. Cheti chake kimetoka leo saa sita, nimekisoma mara mbili kabla ya kubonyezwa na tiki ya matunzo ipo. Slipu ziko 12, Novemba ya mwaka jana mpaka Oktoba, ile ya kwanza ina siku pungufu kwa kuwa alianza tarehe 4, nimeambatisha barua fupi ya kueleza. Alama za vidole Jumatano ijayo saa mbili na nusu. Nimempa ile kalamu ya njano, akapige mistari mwenyewe kwenye taarifa ya benki, mshahara mmoja mmoja ulivyoingia.